Bulengo: wafalme wawili, pioni moja, na swali la zamu

Mchezo wa sataranji uliokatizwa na mvua katika kambi ya Bulengo, magharibi mwa mji wa Goma, ulichukua jioni moja na asubuhi nzima kuamuliwa. Ilikuwa Aprili 2024. Franka 20,000 zilikuwa zimefungwa katika kitambaa cha mama muuza sukari, elfu kumi za kila mchezaji, na hakuna aliyekubali zifunguliwe kabla ya kujulikana nani ameshinda.

Vijana wengi wa Goma wanauita mchezo huu eshek, kwa Kifaransa. Wengine wanasema sataranji, kama watu wa pwani. Pale Bulengo ulichezewa kwenye ubao uliochorwa kwa makala juu ya kipande cha mbao, na vipande vyake vilichongwa na mmoja wa wachezaji wenyewe, seremala aliyekimbia Sake mwezi wa Februari mwaka huo huo. Vyeupe aliviacha jinsi mti ulivyo. Vyeusi alivipitisha motoni. Pioni zilikuwa vizibo vya chupa, na vizibo hivyo ndivyo vilivyopotea kila siku kwa sababu watoto walivitaka pia.

Aliyecheza na vyeupe ni mwenye chukudu, mkaaji wa siku nyingi wa mtaa wa jirani, anayebeba magunia ya makala na viazi kwa wenye kulipa. Seremala alicheza na vyeusi. Wote wawili ni watu wazima, wanaitana Papa, na kabla ya siku hiyo hawakuwa wamegombana hata mara moja.

Mvua ya Goma haibishi hodi. Ilipoanguka, watu walirukia watoto, nguo na masufuria, ubao ukapigwa mateke, vipande vikatawanyika kati ya mawe ya volkano. Usiku, chini ya hema la mwalimu mmoja mzee, wale wawili walipanga upya mchezo wao kutoka kichwani. Jambo la kushangaza ni kwamba walikubaliana kabisa juu ya mahali pa kila kipande. Si kazi ngumu, maana vilikuwa vimebaki vitatu tu: mfalme mweupe, mfalme mweusi, na pioni moja nyeupe. Kisha kila mmoja akamwambia mwenziwe: ni zamu yako.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia.

Kwa wasiojua: ubao una nyumba 64. Nguzo zake nane zinaitwa kwa herufi, a hadi h, na mistari yake kwa namba, 1 hadi 8, kuanzia upande wa mweupe. Mfalme anatembea nyumba moja kila mara, upande wowote, na hawezi kuingia nyumba inayolindwa na adui. Kwa hiyo wafalme wawili hawawezi kugusana kamwe; lazima kuwe na nyumba moja katikati yao. Pioni inakwenda mbele tu, na inakula kwa pembe. Pioni nyeupe ikifika mstari wa 8 inageuka malkia, na mfalme peke yake hawezi kitu mbele ya malkia. Kwa hiyo kila kitu kinategemea swali moja: je, pioni itafika?

Mfalme mweupe alikuwa e5. Pioni yake ilikuwa nyuma yake, e4. Mfalme mweusi alikuwa e7, anamtazama mwenziwe uso kwa uso, nyumba moja tupu katikati.

Mchezaji wa dama atafikiri kwamba kuwa na zamu ni faida. Katika hali hii ni kinyume. Anayelazimika kusogea ndiye anayeumia, maana akitoka mbele ya mwenziwe anafungua njia. Katika sataranji hakuna ruhusa ya kusema "napita". Mwenye zamu lazima aguse kitu, hata kama kukaa kimya ndiyo dawa pekee. Wafaransa wanaiita hali hii ya wafalme kutazamana opposition. Pale Bulengo walisema tu "wametazamana", na mtu yeyote alielewa.

Tuseme ni zamu ya mweupe. Pioni haiwezi kusogea, mfalme wake mwenyewe ameziba njia. Lazima mfalme atoke. Akienda d5, mweusi anamfuata d7, wanatazamana tena. Akienda f5, mweusi anaenda f7. Mweupe akichoka na kusukuma pioni mpaka e5, mweusi anarudi e7 mbele yake. Pioni ikisogea e6, mweusi anarudi nyuma moja kwa moja mpaka e8. Hapo ndipo watu wengi wanaharibu: wanarudi d8 au f8, na wanapoteza. Lazima iwe e8, nyuma wima. Mfalme mweupe akija d6, mweusi anakwenda d8. Pioni ikipiga e7 na kumtisha, mweusi anarudi e8. Sasa mweupe ana njia mbili tu. Akiiacha pioni, inaliwa. Akiilinda kutoka e6, mfalme mweusi hana nyumba hata moja ya kwenda, lakini pia hakuna anayemshambulia. Sheria inasema hiyo ni sare. Kila mtu anachukua pesa yake.

Tuseme ni zamu ya mweusi. Basi mambo yanageuka. Mweusi akitoka kwenda d7, mweupe hamfuati. Anapita upande wa pili, f6, na kuanzia hapo anaisafishia pioni njia mpaka juu. Akitoka kwenda f7, mweupe anapita d6. Mweupe anashinda, na franka 20,000 ni zake.

Vipande ni vile vile na nyumba ni zile zile. Tofauti ni zamu peke yake, na zamu haionekani kwenye ubao.

Inafaa kusema pesa zile zilikuwa za nini, maana bila hivyo mtu anaweza kuona kwamba watu walipoteza usingizi kwa ajili ya vizibo. Elfu kumi za seremala zilikuwa za bashi. Kibanda chake kilikuwa na tundu upande wa mlango, na kwa majuma mawili mke wake alikuwa akiweka bidoni chini ya tundu hilo usiku. Alikuwa ameweka pesa kidogo kidogo, kwa kuchongea watu miguu ya viti na mipini ya majembe, ili anunue kipande cha bashi kuukuu. Mke wake hakuambiwa kwamba pesa zimewekwa katika mchezo. Alisikia kwa majirani usiku ule ule, mvua ikiendelea, na aliyoyasema hayafai kuandikwa hapa. Alikuwa na haki. Pesa ya paa si pesa ya kuchezea, hata kama mtu ana hakika ya kushinda, na seremala alikuwa na hakika hiyo.

Mwenye chukudu naye hakuwa tajiri. Mpira unaofunga gurudumu la nyuma la chukudu yake ulikuwa umekwisha, na gurudumu la mti likikanyaga mawe ya lava bila mpira haliishi siku nyingi. Elfu kumi zilikuwa nusu ya njia ya kulitengeneza.

Sare ingemwacha kila mtu pale alipokuwa. Ndiyo sababu seremala aliipigania sana, na ndiyo sababu mwenye chukudu hakutaka kuisikia.

Usiku ule walihesabu. Wote wawili walikumbuka vizuri mahali pa kuanzia: mwenye chukudu alikula pioni ya mwisho ya mweusi akiwa na mfalme kwenye b4, na mara hiyo hiyo seremala akala pioni ya pembeni ya mweupe, mfalme wake akisimama h4. "Wewe ulikula hii, mimi nikala ile," ndivyo walivyosema, na watazamaji watatu wakathibitisha. Aliyesogea mwisho wakati huo ni seremala. Kwa hiyo zamu iliyofuata ilikuwa ya mwenye chukudu.

Kutoka hapo, seremala alisema, kila mfalme alikimbilia katikati. "Mimi nilitoka h4, nikapita g5, nikapita f6, nikafika e7. Hatua tatu, si moja zaidi. Naapa mbele ya watu." Kisha akaonyesha kwa kidole njia ya mwenziwe: b4, c5, d5, e5. Tatu pia. Tatu kwa tatu. Aliyeanza ni mweupe, basi kama wote wametembea mara tatu, zamu imerudi kwa mweupe. Sare.

Mwenye chukudu hakuwa na jibu la hesabu. Alisema tu kwamba anajua, kwamba mkono wake ndio uliokuwa juu ya ubao mvua ilipoanguka, na kwamba mtu hasahau mkono wake mwenyewe. Hiyo haikumridhisha mtu. Watazamaji waligawanyika, na kwa bahati mbaya waligawanyika jinsi mtu angetabiri: waliotoka Sake na Masisi upande mmoja, wakaaji wa mtaa upande mwingine. Mmoja akasema neno baya kuhusu wahamaji wanaokula vya wenyeji. Mwingine akajibu kwa neno baya zaidi. Mwalimu akazima tochi, akawaambia waende kulala.

Mwalimu huyo alikimbia Kitshanga mapema mwaka 2023. Alifundisha hesabu kwa miaka mingi katika shule ya sekondari, na ndiye aliyewafundisha wengi pale Bulengo mchezo huu. Anapenda kuwasimulia vijana juu ya msanii Mfaransa aliyeitwa Marcel Duchamp, ambaye mwaka 1917 alipeleka chombo cha kukojolea cha wanaume katika maonyesho ya sanaa ya New York, kisha akaipa sataranji nafasi kubwa kuliko sanaa, mpaka akaichezea Ufaransa katika mashindano ya mataifa. Mwaka 1932, pamoja na Vitaly Halberstadt, alitoa kitabu kizima huko Brussels kuhusu wafalme wawili na pioni chache: wanatazamana vipi, nyumba ipi inajibu nyumba ipi. Vijana wanapenda sana habari ya chombo cha kukojolea. Habari ya kitabu inawachosha.

Asubuhi, ubao ukawekwa tena nje, juu ya bidoni mbili. Watu walikuwa wengi kuliko jana. Mama wa sukari alikuja na kitambaa chake.

Aliyesema kitu kipya ni binti wa seremala, mwenye miaka 13. Alikuwa akitazama mchezo tangu mwanzo kwa sababu hakukuwa na masomo siku hiyo, na kwa sababu yeye ndiye anayeokota vizibo.

"Papa," akamwambia baba yake, "ulipokuwa hapa, g5, ulinung'unika. Ulisema pioni imekufungia nyumba. Nyumba gani?"

Seremala alifikiri. "Hii," akasema, akagusa f4. "Nilitaka kushuka hapa nikaisumbue. Haikuwezekana. Pioni ilikuwa inalinda."

Mama wa sukari akasema naye alisikia manung'uniko hayo, na vijana wawili pia.

"Pioni ikiwa e4," binti akaendelea, "inalinda nyumba gani?"

Mwalimu alikuwa ameanza kutabasamu, lakini hakumsaidia. Pioni inakula kwa pembe, mbele. Pioni iliyo e4 inalinda d5 na f5. Hailindi f4 hata kidogo. F4 iko ubavuni mwake. Ili f4 ifungwe, pioni lazima iwe e3.

"Basi ulipokuwa g5, ilikuwa e3. Na sasa iko e4. Ilisogea lini?"

Hakuna aliyejibu upesi. Binti aliweka vidole kwenye ubao na kuhesabu polepole, kama mtu anayehesabu chenji. Baba yake ametembea hatua tatu, ameapa mwenyewe. Anayeanza ni mweupe, na wanapokezana, kwa hiyo mweupe amesogea ama mara tatu ama mara nne. Haiwezekani mara mbili, haiwezekani mara tano. Mfalme wake kutoka b4 kufika e5 anavuka nguzo tatu, hawezi kutumia chini ya hatua tatu hata akiruka kama mbuzi. Na pioni imesogea mara moja, kutoka e3 mpaka e4. Tatu na moja ni nne.

"Nne kwa tatu," akasema. "Papa wa chukudu ndiye aliyesogea mwisho. Ni zamu yetu."

Alisema "yetu". Watu kadhaa waliona hilo, na mama yake aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni aliliona pia.

Seremala hakukubali mara moja, na hakuna wa kumlaumu. Aliuliza kama haiwezekani kwamba yeye alitembea nne, kwamba labda alisimama mahali fulani njiani. Mwalimu akamjibu kwa upole: "Muzee, jana usiku uliapa tatu, si moja zaidi. Na kutoka h4 mpaka e7 kwa mstari wa pembe ni tatu kweli. Tukikuongezea hatua leo, kila mtu hapa ataongeza yake." Akauliza tena kama mfalme wa mwenziwe hakuwa karibu zaidi, tuseme c4. Lakini pioni iliyoliwa b4 ilikuwa ya kwake mwenyewe, na alikumbuka vizuri ilivyomuuma.

Uzuri wa hesabu ile, kama mtu anaruhusiwa kutaja uzuri katika jambo lililompotezea mtu bashi, ni kwamba haikutegemea neno hata moja la mwenye chukudu. Ilisimama yote juu ya maneno ya seremala: kiapo chake cha usiku na manung'uniko yake ya mchana. Ugomvi ulikuwa umetokea kwa sababu wote walihesabu wafalme na kusahau pioni. Ni kosa la kawaida. Pioni inasogea mara moja katika kitambo kirefu, haina kelele, na macho ya watu yako kwa wakubwa.

Zamu ilikuwa imejulikana. Ushindi ulikuwa bado. Mwalimu akasema sheria ni sheria: mchezo uendelee kutoka hapo, mweusi asogee, na mweupe aonyeshe kwamba anajua njia. Watu wengi wanapata hali hiyo ya ushindi na kuiharibu kwa haraka, wanasukuma pioni mbele ya mfalme wake, mweusi anarudi mbele yake, na sare inaingia kwa mlango wa nyuma.

Seremala akasogeza mfalme wake d7.

Mwenye chukudu alikaa muda mrefu. Mtu mmoja alisema ni nusu saa, mwingine alisema ilitosha kupika maharagwe. Mkono wake ulikwenda d5 ukarudi. Kumfuata mwenziwe ndicho kitu cha kwanza anachokiona kila mtu, na kweli d5 haingepoteza ushindi papo hapo, lakini kama baada ya hapo angesukuma pioni bila kufikiri, seremala angeokoka. Hatimaye akauliza, bila kumtazama mtu, kama inaruhusiwa kwenda mbali na adui. Hakuna aliyemjibu, maana kumjibu kungekuwa kumsaidia. Akasogeza mfalme f6.

Mwalimu alipumua kwa nguvu mpaka watu wakageuka.

Baada ya hapo yalikwenda haraka. Seremala alirudi e8 kuziba. Mweupe akaingia e6, mbele ya pioni yake, mstari wa 6. Mfalme akifika mstari huo mbele ya pioni yake, ushindi upo zamu ikiwa ya yeyote, mradi pioni si ile ya pembeni kabisa, a au h, ambayo ina matatizo yake. Seremala akaenda d8. Mweupe f7. Seremala d7, akitumaini. Pioni ikapanda e5, na kila mtu akaona kwamba mfalme mweupe aliye f7 anazilinda e6, e7 na e8 zote pamoja, kama mtu aliyesimama mlangoni na mikono imetanuliwa. Seremala alimlaza mfalme wake chini.

Mama wa sukari alifungua kitambaa, akahesabu noti mbele ya wote, akampa mwenye chukudu. Alizipokea, akazihesabu tena, akaziweka mfukoni. Wapo waliotazamia kwamba atarudisha za bashi. Hakurudisha. Alinunua mpira wa gurudumu siku hiyo hiyo, na kesho yake alfajiri alikuwa barabarani na magunia. Familia ya seremala ilikaa na bidoni chini ya tundu kwa majuma mengine matatu, mpaka uma wa mbele wa chukudu hiyo hiyo ulipopasuka na mwenyewe akaja kutafuta fundi. Seremala alimtengenezea, akamtoza bei kamili, na alilipwa bei kamili. Hapo ndipo bashi ilinunuliwa, na mke wake alikwenda kuichagua yeye mwenyewe.

Kuhusu binti, kulikuwa na maneno kambini. Wengine walisema mtoto hamwanguki baba yake mbele ya watu. Mama yake alijibu kwamba aliyemwangusha ni mwenye kuweka pesa, na hakutaka mazungumzo zaidi. Baba yake hakumkemea. Jioni ya siku ile alimwita wakae kwenye ubao, akamuuliza kama kungekuwa na njia kabla ya e7. Alikuwa f6, mweupe d5, pioni imefika e4. Binti alijaribu f7: mweupe anaingia d6, ushindi. Alijaribu e7: ndiyo ile waliyoicheza, e5, wametazamana, zamu mbaya. Seremala akauliza kuhusu g5. Wakarudi g5. Walikaa hapo mpaka giza lilipofanya vyeusi visionekane.

Alichomwonyesha mwenye chukudu siku chache baadaye kilimchekesha mzee huyo vizuri. Kama siku ile mfalme wake angekuwa e5 na pioni ingali e3, asingehitaji mtu wa kumhesabia chochote. Zamu ikiwa ya mweusi, anashinda. Zamu ikiwa yake, anasukuma pioni hatua moja, e4, na zamu inahamia kwa mweusi. Hatua hiyo moja ya akiba ni kama noti iliyoshonwa ndani ya nguo: inafaa siku usiyo na njia nyingine. Yeye alikuwa ameitumia mapema, na ndiyo maana walilala na hasira.

Baadaye mwalimu alimpa binti kazi nyingine, ya mwaka 1921, iliyotungwa na Richard Réti, mchezaji wa Ulaya ya kati aliyefariki mwaka 1929 akiwa na miaka 40. Mfalme mweupe yuko h8, pioni yake c6. Mfalme mweusi yuko a6, pioni yake h5. Mweupe aanze na apate sare. Ukitazama, ni kichekesho: pioni nyeusi iko mbali mno kukimbizwa, na pioni nyeupe iko chini ya mkono wa mfalme mweusi. Vijana waliitazama kwa dakika kumi wakasema mwalimu amezeeka.

Binti alikaa nayo siku nne. Aliyoipata ni kwamba mfalme mweupe hachagui kati ya kukimbiza na kulinda. Anashuka kwa pembe, g7, kisha f6, na kila hatua inamkaribisha kwa pioni zote mbili kwa wakati mmoja. Mweusi akipoteza muda kwenda b6 ili aile ile ya c, mweupe anafika e5. Hapo mweusi akiila pioni ya c, mweupe anageuka f4 na kuikamata ile ya h. Mweusi akiikimbiza ya h, mweupe anaingia d6, pioni yake inasimama na wote wawili wanapata malkia. Kwa mfalme mfalme anatembea mstari wa pembe, na pembe kwenye ubao ina hatua sawa na mstari wima, ingawa jicho linaiona ndefu zaidi.

Ubao uliendelea kuwekwa juu ya bidoni mbili, siku zisizo na mvua. Watu wa Sake na watu wa mtaa walicheza pamoja, wakagombana juu ya vizibo. Mama wa sukari alikataa kushika pesa ya mtu tena. Aliyetaka kuweka kitu katika mchezo aliambiwa aweke makala, na ayaweke mbele ya mke wake.